Niliandika "mtoto wangu hasikii", simu ikaniletea fimbo

Siku ya kwanza kutafuta habari za uziwi wa binti yangu niliandika maneno matatu tu: "mtoto wangu hasikii". Nilikuwa nimekaa juu ya kiroba cha dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, namsubiri mteja wa Kahama. Majibu yakaja chapuchapu. Njia saba za kumrekebisha mtoto mtukutu. Mchungaji anasoma Mithali kuhusu fimbo. Mama mmoja analalamika binti yake hasikii la mkubwa wala la mdogo. Nikashuka na kidole mpaka chini kabisa, sikio lenyewe sikuliona limetajwa.

Simu siilaumu. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, asiyesikia ni mkaidi, na nyumbani kwangu tulikuwa tumeshapita njia hiyo hiyo. Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu. Akapona, tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu. Baada ya hapo ukimwita haitiki. Bibi yake alipokuja kutoka Ukerewe alikaa naye siku mbili, akaniambia, "Mwanangu, huyu mjukuu wangu umemdekeza. Hasikii." Nikamjibu, "Kweli mama, tangu augue amebadilika." Bodaboda ikipita mtoto anageuka, kwa hiyo nani angefikiria masikio? Tulielewana hivyo kwa miezi mitano, na mtoto akachapwa, mpaka vipimo vya hospitali vikaonyesha kwamba ni masikio.

Sasa kina mama wenzangu wananiuliza kama mtandaoni kuna msaada wowote kuhusu uziwi. Upo, ila inategemea umeandika neno gani.

Ukiandika "dawa ya uziwi" umejipeleka sokoni mwenyewe. Nilikutana na matone ya kitunguu, mafuta ya sijui mnyama gani, na ushuhuda wa mzee aliyesikia tena baada ya siku saba. Tuma hela kwa namba hii, mzigo unakuja na basi. Sikutuma, ila nisijisifu, nilishaihifadhi ile namba. Ukiandika "bubu" ndiyo kabisa, utapata vichekesho na matusi. Wenyewe wanajiita viziwi, na neno hilo ndilo linalofungua kurasa zenye maana. "Shimesikio", yaani kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni, nililisikia hospitali kwa mara ya kwanza, nikalichapa siku hiyo hiyo kwenye daladala. Mambo ya vifaa vya kusikia yakaanza kuonekana.

Yaliyonifaa zaidi yalikuwa ya Kiingereza, nikawa nayapitisha kwenye programu ya kutafsiri, sentensi moja moja. Hapo ndipo nilipokuta mwongozo wa Uingereza unaosema mtoto aliyeugua uti wa mgongo apimwe masikio mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, na isizidi wiki nne tangu awe na nafuu ya kuweza kupimwa. Sababu wameieleza pia: ugonjwa ule unaweza kufanya ndani ya sikio, kwenye kile kikonokono cha kusikilizia, kuote mfupa, na mfupa ukishaota hata kupandikiza kifaa kunakuwa kazi ngumu. Nilisoma mara tatu. Pale tulipolazwa hakuna aliyetuambia neno "sikio", na sisi hatukuuliza. Ukurasa huo peke yake naupa nyota tano, ingawa nilichelewa kuufikia.

Kulikuwa na jambo lililonikosesha usingizi. Karatasi ya vipimo ilisema sikio lake zuri ni desibeli 55, yaani sauti ya chini ya hapo halisikii. Nikatafuta maana yake. Ukurasa mmoja ukasema hiyo ni hali ya wastani, kati ya 41 na 60. Wa pili ukasema kuanzia 50 ni zaidi ya wastani, inaelekea kuwa kubwa. Mwaka mmoja, mtoto mmoja, majibu mawili! Nilidhani fundi wa vipimo kakosea. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake ya usikivu mwaka 2021 na ngazi zilizotumika humo si zile za zamani, wakati kurasa nyingi bado zinatumia za zamani na hawaandiki ni zipi. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ukisoma "wastani", angalia kwanza namba. Neno linabadilika, desibeli za mwanao ni zile zile.

Wiki nzima pia niliota Muhimbili. Nilisoma kwamba tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu pale pale Dar, wakati zamani watoto walipelekwa India. Nikaanza kupiga hesabu ya nauli. Kuja kusoma vizuri, upasuaji ule ni wa wale ambao shimesikio haliwasaidii, na mwanangu linamsaidia. Habari yenyewe ilikuwa sahihi, haraka ilikuwa yangu.

Kuhusu betri sasa, maana hapa mtandao umeniokolea hela halisi. Betri za shimesikio zina rangi: 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Ya kwetu ni 13. Duka moja mjini muuzaji alibandua kile kibandiko cha chungwa mbele yangu kunionyesha betri ni mpya. Nikamshukuru! Kumbe betri ile inaishi kwa hewa, ukishabandua imeanza kazi hata kama iko mfukoni. Unabandua siku ya kuitumia, unaiacha dakika moja hivi ivute hewa, ndipo unaiweka. Usiku natoa betri, kifaa nakilaza kwenye kopo lenye vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu ya unyevu. Na kikipiga mluzi, mara nyingi si kibovu. Mtoto amekua na kile kiplastiki cha sikioni kimekuwa kidogo, sauti inavuja.

Shule za viziwi nilizipata kwa majina: Tabora, Mugeza kule Bukoba, Buguruni ya Dar. Majina tu. Namba za simu nilizopiga hazikupatikana, na ada zilizoandikwa hazionyeshi ni za mwaka gani. Ukitaka kujua zaidi panda meli ya usiku uende Bukoba ukaulize mwenyewe.

Kwenye lugha ya alama ndiko nilikopoteza bando. Wapo wanaoandika kwamba mtoto akijifunza alama hatasema kwa mdomo. Ugomvi huo ni wa zamani, mwaka 1880 walimu walikutana Milano wakapitisha alama zisifundishiwe. Mimi nimechagua vyote viwili, shimesikio na mikono. Nikashusha video. Alfabeti ya kwanza ilikuwa ya mkono mmoja, ya pili ya mikono miwili, nikazichanganya mpaka mtoto akaniangalia kwa huruma. Ya mkono mmoja ilikuwa ya Marekani, ya mikono miwili ya Uingereza. Sikujua kwamba kila nchi ina yake, na kwamba yetu inaitwa Lugha ya Alama ya Tanzania.

Aliyenisahihisha ni kijana kiziwi anayebeba mizigo pale Mwaloni. Aliniona mchana nikifanya mazoezi na binti yangu, simu imeegemea kwenye mizani. Akacheka. Baadhi ya alama alizikubali, nyingine akatikisa kichwa, akachukua daftari langu la mauzo na kuandika kwa herufi kubwa: HII YA WAZUNGU. Halafu akanishika kidole gumba akakirudisha kilipotakiwa kuwa.

Video za alama zetu zipo, ila chache, na nyingi hazina maneno ya kazi zetu huku ziwani. "Dagaa" sikuipata popote. Nikamwomba yule kijana aionyeshe, nikamrekodi, sekunde kumi na moja, nyuma yake ndege korongo wanagombea matumbo ya sangara. Nimeituma kwa bibi wa binti yangu, Nansio kule Ukerewe. Jana bibi kanipigia, anasema video haifunguki, nimtumie upya.