Dawa ya Kupaka ya Chunusi Sugu: Ipi Uinunue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Mwenye chunusi za muda mrefu hakosi makopo na tyubu zilizoishia nusu. Kila moja ilinunuliwa kwa matumaini, ikapakwa wiki mbili, uso ukawasha, ikawekwa kando. Mara nyingi dawa yenyewe haikuwa mbaya. Chunusi inayochomoza leo ilianza kujijenga chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo dawa ya kweli haihukumiwi kabla ya wiki 8 hadi 12. Ndiyo maana hapa nimepanga kwa kiambato na asilimia yake, si kwa jina kubwa lililo mbele ya kopo. Geuza pakiti usome nyuma. Majina huandikwa kwa tahajia ya kigeni, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

1. Adapalini 0.1%

Kama fedha inatosha tyubu moja tu, nunua hii. Ni ya jamii ya vitamini A, na kazi yake ni kuzuia matundu ya ngozi yasizibe. Kuziba huko ndiko chanzo cha vichwa vyeusi, vichwa vyeupe na hata vile vya usaha, hivyo unapambana na mzizi. Marekani iliruhusu iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016. Kuna nchi ambako cheti bado kinatakiwa, kwa hiyo muulize mfamasia.

Sehemu kubwa ya mafanikio yake iko kwenye kupaka. Osha uso usiku, subiri ukauke kabisa, kisha chukua kiasi cha punje moja ya njegere na ukitandaze uso mzima, ukikwepa macho, pembe za pua na midomo. Wengi hudonoa juu ya kila chunusi na kuacha kwingine. Hapo wanapoteza dawa, maana chunusi ya mwezi ujao inajitengeneza mahali ambapo leo ngozi inaonekana safi. Wiki za mwanzo ngozi itakauka na kubanduka, na chunusi zinaweza hata kuongezeka. Anza usiku mmoja uruke mmoja, na upake losheni ya kulainisha kabla au baada. Mjamzito, au anayetafuta mimba, asiiguse.

2. Benzoili peroksidi 2.5%

Hii huua bakteria walio ndani ya matundu, na bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Utaikuta ya 2.5%, ya 5% na ya 10%, na muuzaji huenda akakusukumia ile kali. Kataa. Kwa chunusi za usoni, ya 2.5% hufanya kazi karibu sawa na ya 10%, ila ya 10% inachoma na kukausha zaidi. Ngozi nyeusi iliyochomwa na dawa hubaki na madoa, na madoa hayo yanaweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahaulika.

Jambo lingine ambalo pakiti hulitaja kwa herufi ndogo: inapausha rangi ya nguo. Foronya ya buluu itapata mabaka, kola ya shati pia, na taulo. Tumia vya rangi nyeupe. Kama ngozi yako haistahimili jeli inayokaa usiku kucha, nunua ile ya kunawia, iache usoni dakika moja au mbili, kisha suuza. Usiihifadhi penye joto, hasa ndani ya gari lililoanikwa juani.

Zipo tyubu zenye adapalini na benzoili peroksidi pamoja. Ukiipata na unaimudu, kwangu hiyo inaishinda hata namba 1.

3. Asidi ya azelaiki 15% hadi 20%

Ni ya taratibu kuliko mbili za juu, ila ina sifa zake. Inatibu chunusi huku ikififisha madoa meusi yanayobaki, na wajawazito wanaweza kuitumia. Kwa mjamzito, basi, hii ndiyo namba 1. Mwanzoni inawasha kama ngozi inayotekenywa na sindano, kisha inatulia. Zile za 10% zinazouzwa kama vipodozi ni nyepesi zaidi.

Inasaidia pia pale ambapo kumbe si chunusi: uso unaowaka moto, wekundu au weusi wa kudumu mashavuni na puani, vipele bila kichwa cheusi hata kimoja. Hiyo huenda ikawa rosasea, na dawa nyingi za chunusi zitaichokoza tu. Mwone daktari kabla ya kununua kitu kingine.

4. Asidi ya salisiliki 2%

Nzuri kwa vichwa vyeusi na uso wa mafuta. Kwa chunusi za usaha haitoshi.

5. Jeli ya antibayotiki peke yake

Klindamaisini huleta nafuu ya haraka, kisha bakteria huizoea. Ipakwe pamoja na benzoili peroksidi au isinunuliwe kabisa.

Za kuacha dukani

Krimu yoyote isiyo na orodha ya viambato, au iliyochanganywa na kufungashwa upya. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) kama betamethazoni au klobetasoli, haidrokwinoni ya kung'arisha ngozi, au hata zebaki. Steroidi ndiyo inayodanganya kuliko zote: ndani ya siku chache uso unakuwa laini na kung'aa, majirani wanauliza unatumia nini. Ukiiacha, vipele vinaripuka upya, unarudi kupaka, na kila mzunguko ngozi inazidi kuwa nyembamba. Kama umeshaizoea kwa miezi, daktari wa ngozi akusaidie kuiacha. Ndimu na dawa ya meno nazo zibaki jikoni na bafuni.

Chenji iliyobaki iende kwenye sabuni laini isiyo na manukato, losheni ambayo pakiti yake inasema haizibi matundu ya ngozi, na ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kwa sababu jua huyakoleza madoa. Za kusugua zenye chembechembe sizinunui kamwe.

Ukiwa na vivimbe vigumu vyenye maumivu chini ya ngozi, au makovu ya mashimo yameanza, nenda kwa daktari sasa hivi, usisubiri wiki 12. Anaweza kukuandikia vidonge vya isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote hapa, na yenye madhara mazito kwa mtoto aliye tumboni. Anayekuuzia vidonge hivyo bila daktari, bila vipimo vya damu na bila kipimo cha mimba, mkimbie.