Uniden R8 ndani ya Mustang GT

Nilipotafuta kigunduzi cha rada, yaani kifaa kinachomwonya dereva kuwa polisi wanapima kasi, kwa ajili ya Mustang GT yangu hapa Marekani, ambako kifaa hiki kinaruhusiwa katika magari binafsi karibu kote isipokuwa Virginia na Washington, D.C., nilisita kati ya Valentine One Gen2 na Uniden R8. Vyote viwili vina antena mbili na mishale inayoonyesha mawimbi yanatoka upande gani, lakini R8 ina GPS yake yenyewe, hivyo milango ya maduka inayojifungua yenyewe, ambayo nayo hutoa mawimbi kama ya rada, nikishaiwekea alama hainisababishii kelele tena.

Fundi wa kwanza aliunganisha waya kwenye fyuzi yenye umeme wakati wote, na baada ya siku chache za kuegesha betri ikawa imekufa. Niliuunganisha upya mwenyewe kwenye fyuzi inayopata umeme pale tu gari linapowashwa, nikaupitisha chini ya kitambaa cha dari, kisha nyuma ya mfuko wa hewa ulio kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, kamwe si mbele yake.

Mawimbi ya Ka, yanayotumiwa na rada nyingi za polisi, hukamatwa mapema mno. Kwa polisi wanaopima kwa leza, kusema kweli, kigunduzi kinapolia kasi yako imeshapimwa.