Nimenunua "Stellenbosch" kumbe ni anwani tu (uzoefu wangu)

Jamani wanywaji wa waini someni hii kabla hamjatoa hela. Mwezi uliopita nimeingia duka moja hapa Dar nikachukua Cabernet Sauvignon (waini nyekundu, hilo ni jina la aina ya zabibu) ya Afrika Kusini, elfu 45, muuzaji kaapa kabisa hii ni ya Stellenbosch, wilaya maarufu kwa waini kule, na kweli lebo ya nyuma imeandikwa Stellenbosch, nikalipa nikaondoka natamba.

Nyumbani dada yangu, kafanya kazi hotelini miaka mingi, akaigeuza akacheka. "Mdogo wangu, hii ni anwani ya waliopaki. Ndo yale ya mchele kufungwa Kariakoo ukauita mchele wa Kariakoo." Akanionyesha kiandishi kidogo: W.O. Western Cape. Hizo herufi W.O. (Wine of Origin) ndo zinasema zabibu zimetoka wapi, na Western Cape ni eneo kubwa hilo, humo ndani zabibu zinaweza kutoka mashamba ya mbali mbali zikachanganywa.

Wenzetu wa Afrika Kusini wana huu utaratibu tangu 1973 na umepangwa kama kwetu tu: jimbo (Western Cape), kanda (Coastal Region), wilaya (Stellenbosch), halafu kata, mfano Simonsberg-Stellenbosch. Jina likikaa kwenye W.O. zabibu zote, 100%, zitoke hapo, ukichanganya na za wilaya nyingine huwezi kuandika jina la wilaya hiyo peke yake. Ila aina ya zabibu iliyotajwa kwenye lebo inatakiwa ifike 85% tu, yani Cabernet yako inaweza kuwa na kitu kingine humo na isiandikwe, hiyo sikuipenda.

Juzi nikajitutumua nikanunua ya kata, W.O. Simonsberg-Stellenbosch, elfu 78. Nzito, inakausha ulimi, harufu kama majani mabichi na zambarau, tumeinywa taratibu na mbuzi choma mpaka chupa ikaisha bila mtu kuongea sana. Ile ya elfu 45 nayo sio mbaya wala, kwa pilau ya watu 10 nitairudia, W.O. inakwambia ilikotoka, utamu ni juu yako.

Nyota 4 kwa 5 kwa chupa ya pili, 3 kwa ya kwanza. Muuzaji sijamgombeza, nilimrudia nikamwonyesha hizo herufi, nikamwacha anageuza chupa moja moja kwenye shelfu.