Duka la samaki wa baharini pale Kirumba: ghali, lakini samaki anafika nyumbani mzima

Ukisema Kirumba, hapa Mwanza, unatafuta samaki, utaelekezwa soko la Mwaloni kwenye dagaa na sangara. Duka ninalolizungumzia liko mitaa michache kutoka hapo. Milango yake ya vioo imebandikwa karatasi nyeusi ili jua la mchana lisipashe maji. Ndani kuna samaki wa baharini, wazima, wa kufuga, na mwenye duka anapenda hasa wale wenye michoro isiyo ya kawaida. Mimi ni fundi wa majokofu, nimezoea viwanda vya minofu vya ukanda huu wa ziwa, kwa hiyo mahali popote penye maji, umeme na kiumbe hai naanza kupaangalia kwa jicho la kazi. Hapa nimeridhika, na nitaeleza kwa nini.

Kilichonipeleka ni picha iliyokuwa ikizunguka WhatsApp: kitatange (samaki bapa wa miamba ya baharini) mchanga, bluu iliyokolea, mwenye zile duara nyeupe zinazozungukana ubavuni, ila kwake duara mbili zimekatika na kupinda mithili ya herufi. Kitu cha namna hiyo humfanya mkusanyaji asilale. Kuna kisa cha Unguja alichokiandika J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, cha kitatange wa jamii iliyo karibu na hii aliyekutwa sokoni na alama mkiani zinazosomeka kama Kiarabu, "La ilaha illallah". Samaki wa kitoweo akageuka wa bei ya ajabu. Nilikwenda Kirumba na pesa mfukoni nikiwa na kisa hicho kichwani.

Mwenye duka ni mama wa Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, ukimtaka nitakuuzia. Lakini hiyo michoro haikai. Huyu bado mtoto. Akikua duara zote zinafutika, inatoka mistari ya manjano mwili mzima, hutamjua na wenzake." Akanionyesha kwenye simu yake mkubwa wa aina hiyohiyo, Pomacanthus imperator, ambaye hufika sentimita 40. Nikatazama kibandiko cha bei kwenye kioo: shilingi 220,000, sawasawa na mwenzake wa tangi la pili mwenye duara kamili. Hakuongeza hata mia kwa ajili ya zile herufi.

Kwa wanaoanza, hapo pana jambo la kushika. Vitatange wakubwa hubadilika sura wanapokua, na mabadiliko yenyewe huchukua muda mrefu. Katikati ya safari hiyo samaki anakuwa na nusu duara, nusu mistari, na ndiye ninayemwona akitangazwa mtandaoni kwa jina la "chotara adimu", bei mara mbili au tatu. Ni samaki wa kawaida anayebadilika. Michoro adimu ya kulipia ni ile ya mkubwa aliyekwisha kukamilika, au ya jamii ambazo rangi ya utotoni ndiyo hiyo ya ukubwani.

Sasa nyuma ya duka, maana ndiko pesa yako inakokwenda. Kuna safu ya matangi matupu kabisa chini, hayana mwamba wala mchanga, yana vipande vya bomba la plastiki tu vya samaki kujificha. Hiyo ndiyo karantini. Hakuna mwamba kwa sababu mwamba hunywa dawa ya shaba, na shaba ndiyo inayoua vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe. Kila samaki anakaa humo wiki kadhaa kabla hajaletwa mbele, na hauzwi mpaka mteja amwone akila. Nilisimama pale mama akatupa kamba wa baharini waliosagwa, samaki aina ya kangaja wakawavamia, kitatange mmoja akabaki pembeni hajagusa. Mama akasema huyo haondoki, hata mtu alete pesa taslimu.

Nilibahatika kuwapo boksi lilipofika kutoka uwanja wa ndege. Mifuko ilikuwa imevimba. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko Pwani, na mfuko uliojazwa oksijeni mpaka ukakaza kule Tanga au Mombasa hufika huku umekaribia kupasuka. Amewaelekeza wanaomfungia waache mfuko ulegee kidogo, theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni. Kisha nikaona alichofanya, na ndicho kilichonimaliza. Alichoma tundu dogo kwa sindano, akavuta tone moja, akaliweka kwenye refraktomita, akasoma chumvi, akarekebisha maji ya karantini yafanane na yale ya mfuko. Ndipo akaupasua mfuko, akamtoa samaki kwa bakuli na kumhamisha mara moja, maji ya safari akayamwaga.

Wengi wetu tumezoea kudondoshea maji ya tangi kwenye maji ya mfuko, tone kwa tone kwa saa nzima, ili samaki azoee. Kwa samaki aliyesafiri muda mrefu hiyo ni hatari. Ndani ya mfuko pumzi ya samaki inaongeza kaboni dioksidi, maji yanakuwa na asidi, na amonia anayoitoa mwilini inabaki katika hali isiyomdhuru sana. Ukifungua tu, ile gesi inatoka, asidi inashuka, na amonia ileile inageuka sumu kali samaki akiwa bado anaogelea ndani yake. Huyu mama anajua, na kijana wake wa kazi naye anajua, maana nilimuuliza akanieleza bila kusitasita.

Umeme upo sawa. Pampu za hewa zina betri zinazowaka zenyewe, nilichomoa waya kwa ruhusa yake na mapovu hayakukatika. Kwa mwinuko wetu maji hubeba oksijeni pungufu, kwa hiyo pampu ya hewa huku haina mbadala. Maji yenyewe ni ya bomba yaliyochujwa kwa mashine, halafu yanatiwa chumvi maalumu ya akwariamu, kama gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai, haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha.

Kuhusu samaki wa mbele: kulikuwa na kangaja wa bluu ya unga, klauni wa mistari iliyokatika waliozaliwa kitaluni, na kitatange mdogo wa mgongo wa chungwa, Centropyge acanthops, wa bahari yetu hii ya Afrika Mashariki. Klauni hao sikuwapenda kwa bei yake. Mstari kukatika kunaweza kutokana na malezi ya kitalu tu, na watoto wao wakatoka na mistari kamili. Yule mdogo wa mgongo wa chungwa nilimchukua kwa shilingi 150,000, na ndiye ninayemshauri mtu mwenye tangi dogo. Kangaja muacheni, anataka nafasi ya kukimbia na huwahi kushika madoa meupe.

Nina malalamiko mawili. Taa za duka ni bluu mno, kila samaki anawaka. Mwambie mama awashe nyeupe kabla hujalipa, atawasha bila kununa. La pili linaniuma zaidi: hana hata furu mmoja, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Tunaletewa michoro kutoka baharini, na hapa Ghuba ya Mwanza tuna Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, dume lake lina mgongo mwekundu na milia myeusi ubavuni. Mahali ambapo maji ya ziwa yamechafuka, majike hawaoni rangi vizuri, wanazaana na jamii jirani na ile michoro inapotea. Duka lenye karantini nzuri namna hii lingeweza kumtunza na kumzalisha. Nimemwambia. Amesema anamfikiria, ila furu ni wa maji baridi yasiyo na chumvi na matangi yake yote yana chumvi, itabidi aanze safu nyingine.

Hivi karibuni ametaja pia kwamba wateja humuulizia yule samaki wa zambarau wa Unguja, Cirrhilabrus wakanda, aliyetambulishwa kitaalamu 2019 kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Hamleti. Samaki wa kina hicho akipandishwa haraka hewa ya tumboni hutanuka na kumuumiza, na yeye hana mzamiaji anayemwamini kwa kazi hiyo. Nilimpa alama kubwa kwa jibu hilo kuliko kwa samaki yeyote aliye mbele.

Malipo ni taslimu au kwa simu, risiti anaandika kwa mkono. Piga kwanza uulize mzigo umetoka karantini lini, na uende asubuhi wakati wa kuwalisha.