Marin Pine Mountain kwenye mchanga wa Malindi: uzoefu wa mpenzi wa baiskeli za zamani

Sisi tunaopenda baiskeli za mlima za miaka ya 1980 na 1990 hatuzipokei kirahisi zile mpya zinazobeba majina yaleyale. Ikitoka haditeli mpya (baiskeli ya mlima yenye shoku mbele tu, nyuma haina) ya kampuni kongwe, watu huanza na rangi, wakaja kwenye vibandiko, kisha husikii ila lawama: jina limebaki, baiskeli imekufa. Na sababu wanazo. Kampuni hizi zimeuzwa na kununuliwa. Kona, kampuni ya baiskeli iliyoanzishwa 1988, iliuzwa 2022, na waanzilishi wake Dan Gerhard na Jacob Heilbron wakaja kuinunua tena 2024. Mtu ana haki ya kuuliza anachouziwa ni nini hasa.

Binamu yangu aliletewa Pine Mountain, haditeli ya kampuni ya Marin, ya toleo la karibuni, na aliporudi kazini Uingereza akaniachia. Mimi baiskeli yangu ni ya chuma, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, rimu za inchi 26, mtumba wa Mombasa. Nimezitumia zote mbili kwa zamu, njia zilezile, na nasema bila kumung'unya maneno: hii mpya inastahili jina lake.

Na jina hilo si dogo. Pine Mountain ni mlima halisi huko Marin, California. Kwenye mteremko wake ndiko waasisi wa baiskeli za mlima, kina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, walikoshindana kuanzia 1976, wakishuka na baiskeli nzito za zama za baba zao, jamii moja na hizi ambazo hapa kwetu bado zabeba madumu ya maji na magunia ya makaa. Breki zao zilikuwa za kukanyaga nyuma. Zilipata moto hadi grisi ikachemka, ikabidi hubu, yaani vitovu vya magurudumu, zifunguliwe na kupakwa upya. Mwaka 1977 Breeze akatengeneza fremu mpya kabisa kwa kazi hiyo. Kampuni ya Marin ilianza baadaye, 1986.

Mimi naipima kwa mchanga, maana ndio tulio nao. Ukiingia msitu wa Arabuko-Sokoke, sehemu ya miti ya mirihi ina mchanga mweupe, laini, wa kukatisha tamaa. Baiskeli yangu ya zamani, na tairi lake lisilofika inchi 2, huanza kuyumba mbele, gurudumu linazama, nashuka nasukuma. Hii mpya ina magurudumu ya inchi 29 na tairi pana. Nilipunguza upepo mpaka dole gumba likabonyea kidogo kwenye mpira, nikakaa nyuma kidogo, nikaweka gia nyepesi na kukanyaga polepole bila kukatiza. Tairi lililala juu ya mchanga, likaacha alama pana, tukapita. Kwenye udongo mwekundu, ambako mizizi na mashimo ya mvua hukutingisha meno, foki yenye shoku ilifanya kazi yake na mikono haikufa ganzi.

Wenzangu hulalamikia sana pembe ya foki, yaani ilivyosimama au kulala mbele. Zamani nyuzi 71 ilikuwa kawaida. Leo haditeli nyingi zimelala hadi nyuzi 66 au chini ya hapo. Shingo ya hendeli nayo, iliyokuwa na urefu wa milimita 120 na zaidi, imefupishwa hadi 50 au pungufu, na hendeli yenyewe imetanuka. Kwa picha, naam, haipendezi kama za kale. Lakini ukishuka makorongo ya njia ya Marafa na kokoto zinateleza chini yako, unajua kwa nini walifanya hivyo: uzito wako hauko tena juu ya gurudumu la mbele, hofu ya kurushwa juu ya hendeli inapungua. Kwenye lami ya kwenda Watamu mambo ni mengine. Pale ile ya zamani bado ni tamu zaidi, nyepesi kugeuka, na sitaiuza.

Kilichoniteka moyo ni fremu. Ni ya kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, si alumini. Nilimpelekea fundi wangu wa mtaa wa Barani, mzee aliyezikarabati baiskeli tangu mimi sijazaliwa. Aliing'oa kranki, akaingiza kidole kwenye tundu la ekseli ya kranki, akakizungusha taratibu.

"Ami, waionaje?"

"Ina thredi, mwanangu. Hii nitaifungua na nitaifunga."

Fremu nyingi za kisasa ekseli hubanwa ndani kwa nguvu bila thredi, ile mikato ya skrubu, na hewa yetu ya chumvi ikiingia humo, huanza kelele zisizokwisha. Hapa unafungua, unapaka grisi nzito, unafunga. Mzee alinisisitizia kupuliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba ya fremu. Mwambao huu chuma kisichopakwa mafuta hakidumu, kiwe cha kale au kipya.

Breki za diski ni za oili, nguvu yake ni ya ajabu, ila pedi na oili yake sijavipata dukani Malindi. Cheni na sprokti za nyuma za gia nyingi hivyo nazo ni za kuagiza. Kwa hiyo anayefikiria kununua, na bei yake huko nje ni zaidi ya shilingi laki moja kabla ya usafiri na ushuru, aweke pembeni fedha ya pedi jozi mbili, cheni ya akiba na chupa ya oili, aviagize pamoja na baiskeli.

Binamu akija tena nitamwomba aniuzie. Rangi nitaizoea.