DVD Shrink: kabla hujabana filamu, toa sauti usizosikiliza

Mambo zenu watu wangu, karibuni tena chaneli. Leo tuko na programu yenye miaka zaidi ya 20 na mimi bado naipenda kuliko nyingi zilizokuja nyuma yake, DVD Shrink, ya kubana filamu ya DVD iingie kwenye diski tupu ya kawaida, toleo la 3.2, la mwaka 2004, ya bure tangu siku ya kwanza, na hapo hapo niseme kabla sijasahau, ukikuta tovuti inakudai hela ndo uipakue, funga hiyo tovuti ondoka.

Kuinstoo sionyeshi, mnajua, nekst nekst finishi.

Shida yetu pia mnaijua. Filamu nyingi zinakuja kwenye diski ya tabaka mbili, GB 8.5, na diski tupu ya kawaida ni GB 4.7. Kompyuta ikikuandikia 4.37 usishtuke, hujaibiwa, Windows inagawanya kwa 1024 badala ya 1000, basi.

Sasa kinachoniudhi ni hiki. Mtu anaingiza diski, anabonyeza Backup, anaenda zake, akirudi anaweka kwenye TV kubwa anaona kwenye moshi na maji na sehemu za giza kuna vibokisi vibokisi, anakuja kwenye komenti anaandika programu mbovu. Jamani! Umeiambia ibebe kila kitu, imebeba kila kitu. Ni kama kulazimisha begi lifunge na ndani kuna viatu ambavyo huvai.

Angalieni skrini, hii ndo sehemu naipenda kufa. Nina diski ya GB 7.5, filamu ya masaa mawili. Nimeifungua, iko Full Disc, yaani diski nzima na kila kilichomo, tazama pale kwenye filamu kuu, asilimia 53. Maana yake picha itabaki nusu na kidogo ya ilivyokuwa, hapo ndo vibokisi vinapotoka. Sasa nabonyeza Re-author, yaani unachagua mwenyewe cha kubeba, upande wa kushoto unakuwa mtupu, naivuta filamu peke yake naileta huku. Treila zimebaki kule, mahojiano yamebaki kule, menyu haipo. Tunaona ngapi? 57. Eeh, asilimia 4 tu, watu wengi wanaishia hapa wanakata tamaa.

Usiishie hapo, nenda Compression Settings uangalie sauti. Kuna AC-3, sauti ya Dolby, ya kbps 448, yaani kilobiti kwa sekunde, kuna nyingine ya lugha usiyoijua, nayo 448, halafu kuna DTS, aina nyingine ya sauti nzito zaidi, ya 768. Programu hii HAIBANI sauti, narudia tena, sauti haiguswi, inabana picha tu, kwa hiyo kila sauti unayoiacha imetikiwa inakula nafasi yake nzima na anayelipa ni picha. Piga hesabu na mimi, kbps 768 kwa sekunde 7200, gawanya kwa 8, inakuja kama MB 690. Hiyo ni DTS peke yake, na wewe unasikilizia spika za TV! Natoa tiki. Ile lugha nyingine ni MB 400, natoa tiki. Haya angalia asilimia sasa, 77. Mmeona? Kutoka 53 mpaka 77, na filamu bado ni nzima, hatujakata hata sekunde. Sabtaitol ziache, hizo uzito wake mdogo sana, usihangaike nazo.

Ukifika 77 ndo tiki Deep Analysis, inaipitia filamu nzima kwanza ijue sehemu zipi nzito zipi nyepesi, ndo igawe nafasi. Na kile kisanduku cha adaptive error compensation nacho tiki. Nieleze kidogo kwa nini. Video ya DVD ni MPEG-2, ndo mfumo wa kubana video za DVD, kwa hiyo imeshabanwa tayari, na DVD Shrink haiitengenezi upya, inaingia humo humo ndani inapunguza vile vitu vidogo vidogo vya picha, ndo maana ina kasi. Ila fremu nyingi za MPEG-2 zinaitegemea iliyotangulia, kwa hiyo kosa la fremu moja linarithiwa na inayofuata, na inayofuata, mpaka ije fremu nyingine kamili, kama nusu sekunde hivi, picha inasafika halafu inaanza kuchafuka tena. Ukiona ukuta au anga linapwitapwita kwenye kopi yako, ni hicho. Kisanduku hicho kinapunguza huo urithi. Kazi inachelewa, acha ichelewe.

Mtauliza programu nyingine za kazi hii, Nero Recode, CloneDVD, zote zinafanya kazi, zinalipiwa, na mimi sioni kinachonifanya nilipie. DVD Rebuilder ni kitu kingine, yenyewe inatengeneza video upya kwa enkoda kamili, yaani programu ya kubana video kuanzia mwanzo, ukiwa chini ya asilimia 60 inaishinda DVD Shrink waziwazi, sibishani, ila jiandae kusubiri. HandBrake msiniulize tena, inakupa MP4 au MKV, haikupi diski ya kuweka kwenye deki.

Kuhusu diski tupu za tabaka mbili nimekuwa nikisema ni kupoteza hela, na kwa filamu ya kawaida bado nasema hivyo, bei iko juu na deki za zamani zinazigomea. Lakini filamu ya masaa matatu, au mechi, majani na watu wanakimbia muda wote, pale hata ukitoa sauti zote asilimia inagoma kupanda. Hapo nunua tabaka mbili, au tumia mishale ya kuweka mwanzo na mwisho pale kwenye Re-author, ugawe filamu kwenye diski mbili. Mimi nagawa.

Na hii ni kwa diski zako mwenyewe jamani, sheria za kunakili ziangalieni huko mliko. Diski zenye kufuli za kisasa itakwama, haijaguswa tangu 2004.

Video ijayo ni DVD Rebuilder, nimeshaanza kurekodi, kwa hiyo sabskraibu, na kwenye komenti niandikie ulianza na asilimia ngapi na baada ya kutoa sauti ukafika ngapi.