Miezi 4 na kifaa cha kipandauso: siku 9 zimekuwa 6

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonizuia kukirudisha. Kabla ya kifaa hiki cha umeme cha kuvaa kwenye paji, daftari langu lilikuwa na siku 9 za kipandauso kwa mwezi. Sasa ni 6. Sijapona. Ila siku 3 bila kulala gizani na ndoo pembeni, mwenye ugonjwa huu anajua zina thamani gani.

Nilikuwa nameza sana sumatriptani, dawa ya kukatiza kipandauso. Daktari wangu hapa Houston akanionya kwamba nikifikia siku 10 kwa mwezi, dawa yenyewe yaweza kuanza kuleta maumivu. Ndiye aliyenitajia kifaa hiki. Marekani aina hii iliruhusiwa 2014, na tangu 2020 inauzwa bila cheti cha daktari. Watu wakisikia umeme na kichwa wanadhani unajipiga shoti ya ubongo. Hapana. Unabandika elektrodi, yaani kibandiko chenye gundi cha kupitisha umeme, juu kidogo ya nyusi, kifaa kinanasa hapo kwa sumaku, kisha umeme mdogo unasisimua mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi ya paji, matawi ya mshipa uleule unaohusika na maumivu ya kipandauso. Dakika 20 kila siku kwa kinga, 60 kichwa kikishaanza.

Usiku wa kwanza nilikibandua dakika ya tatu. Ni kama siafu wamekupanda usoni. Ilinichukua wiki mbili kuzoea; siku hizi nasinzia nacho. Mama aliniona nacho kwenye simu ya video, akanyamaza, kisha akauliza: "Mwanangu, hicho ni cha hospitali au cha mganga?" Yeye dawa yake ilikuwa kunifunga kanga kichwani mpaka macho yanitoke, na sisemi haikusaidia.

Bei imeniuma: zaidi ya dola 300, na bima haikutoa hata senti. Elektrodi nazo ni za kununua kila mara. Mimi hupaka mafuta ya nazi usoni, basi ya kwanza iliacha kushika siku ya tano. Nawa kwa sabuni kwanza. Na ile ya dakika 60 haijanifaa. Kichwa kikishapanda, kuguswa paji tu ni adhabu.

Nilikuwa nimesoma utafiti wa Ubelgiji wa 2013, watu 67 kwa miezi 3. Kati ya waliopewa kifaa halisi, asilimia 38 siku zao zilipungua kwa nusu au zaidi. Waliopewa cha bandia ni asilimia 12. Mimi simo kwenye hao 38, nimepata theluthi. Kwa hiyo andika daftari mwezi mzima kabla hujanunua, la sivyo utabaki kubahatisha kama kinakusaidia.

Mwenye betri ya moyo au chuma kichwani asikitumie.

Nitaendelea nacho. Pakiti ya sumatriptani niliyonunua mwezi uliopita bado ina vidonge vinne.